Beseni Lililomwagwa Mtoni

Vitambaa vilianza kutoka vikavu.

Daktari Khalid alikuwa amempasua Mumina baada tu ya adhuhuri, maana tangu ajifungue damu haikukatika. Vitambaa alivyotia tumboni vilizama katika damu; alipovitoa vilikuwa vyeupe, vimekauka kama nguo zilizoanuliwa kambani.

"Sista Tamar," alinong'ona, "hii damu yaenda wapi?"

Tamar, muuguzi wake, mwenyewe mjamzito wa miezi saba, alimpa kitambaa kingine. Harufu ya matope ya mto ilikuwa imempanda puani, na chini ya kitanda alisikia kitu kikifyonza taratibu. Asubuhi ile sinki iliziba. Kwa haraka zake akachukua beseni la damu ya mzazi mwingine, akalimwaga mtoni nyuma ya hospitali bila kuwaambia wenye mto "tupisheni", neno ambalo bibi yake kule kijijini Idsowe hakuliacha hata akimwaga maji aliyooshea mchele. Cheti cha chuo kilimfanya ajione mjanja. Sasa alijuta.

"Naubana mfuko wa uzazi kwa uzi," Daktari alisema. "Ikikataa, nautoa. Na chupa ya damu ni hii ya mwisho. Ana miaka kumi na tisa, sista!"

Alikaza uzi, damu ikaja, akakaza tena, ikaja, na kule chini kile kitu kikazidi kufyonza kwa pupa, matope yakanuka mpaka pumzi ikawa nzito, midomo ya Mumina ikageuka rangi ya jivu, na Tamar, machozi yakimlowesha barakoa, akainama akanong'ona, "Tupisheni. Kosa ni langu. Mwachieni huyu."

Kisha sauti ya kike, ya majimaji, ikamuuliza, "Nipewe nani?"

Tamar aliogopa, na kwa hofu ile mkono wake ukaenda wenyewe kwenye tumbo lake.

"Haya," sauti ikasema.

"Imekata!" Daktari alicheka kama mtoto. "Mshono umeshika, mfuko umebaki! Umeona, sista?"

Jioni Mumina alikuwa wodini, dhaifu lakini hai, mtoto kifuani. Mkwewe, Bi Mwanaarusi, aliyekuwa mkunga zamani, alimshukuru Tamar kwa machozi na kumwombea ajifungue salama. Kisha, kwa mazoea yake ya kikunga, akainama akamwekea sikio tumboni.

Alisikiliza kwa muda, akatabasamu.

"Wako ana njaa, mwanangu," alisema. "Namsikia akifyonza."