Umbo la Pili Kwenye Shuka

Vumbi lilikuwa jekundu, na hapo ndipo Mama Kidoti aliposimama na dekio mkononi akasahau alichokuwa anafanya.

Ilikuwa siku ya tatu ya ukarabati. Nyuma ya nyumba fundi alikuwa anabomoa ukuta wa kati ya jiko na stoo, ukuta wa tofali za saruji, na vumbi lake lote lilikuwa la kijivu. Sufuria zilikuwa kijivu, nywele za fundi kijivu, hata mate aliyotema fundi yalikuwa kijivu. Hili alilolikuta chumbani kwa mtoto, mbele kabisa ya nyumba, lilikuwa jekundu kama udongo wa kichuguu. Akainama, akaligusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa laini kama poda, tena la baridi, kama kitu kilichotolewa mtungini.

Akalifuta. Akasuuza tambara, akafuta tena.

Huyu mwanamke hakuwa mwoga wala mvivu. Ukuta ule ulikuwa unavunjwa kwa ajili ya binti yake wa miaka sita, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo, mtoto mwenye pumu. Ukuta ulitoa jasho mwaka mzima na kuota ukungu mweusi, na daktari alisema unyevu ule ndio unaomharibia mtoto kifua, ubomolewe ujengwe mwingine. Lakini akaonya pia kuhusu vumbi. Likimwingia huyu, alisema, mtamleta hapa mmembeba.

Basi Mama Kidoti akaingia vitani. Alitundika nailoni nzito kwenye mlango wa jiko, na nyingine katikati ya korido, kingo zote akazibandika kwa utepe. Chini ya milango alisukumiza matambara yaliyolowa. Fundi hakuruhusiwa kuvuka upande wa vyumba, na chakula chake alikipokelea uani. Kabla ya kufagia alinyunyiza maji, baada ya kufagia alideki, na baada ya kudeki alipitisha kiganja sakafuni, akaenda kukitazama juani.

Wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa anaishi nao, alimcheka kutwa. "Wifi, nyumba hii hata inzi akitaka kuingia anavua viatu," alimwambia. Siku nyingine alimwuliza kama kivuli chake nacho atakideki. Mume mwenyewe alikuwa safari ya kazi, na kila akipiga simu alikuwa anauliza ukuta umefika wapi, mtoto anapumuaje, basi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Kidoti alilifanya siku ya kwanza, na hakumwambia mtu.

Fundi yule watu walimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa amezeekea kwenye kazi ya kubomoa, na alikuwa na namna yake. Kabla ya nyundo ya kwanza aliugonga ukuta mara tatu kwa mpini, akabisha hodi, akasema sisi ni watu wa kazi, tunavunja, aliyemo atupishe. Kisha akalifungua dirisha la stoo, akalisukuma mpaka mwisho. Akamwambia mama mwenye nyumba kwamba dirisha lile lisiguswe mpaka jua lizame, na asimwulize sana. Mama Kidoti akaitikia. Lakini fundi alipotoka kwenda kula mchana, upepo ukaingia kwa dirisha lile, nailoni ikatuna kama tumbo, utepe ukaanza kubanduka upande wa korido, na ng'ambo ya korido mtoto alikuwa amelala. Hakufikiri mara mbili. Alilifunga dirisha, akachomeka matambara kwenye nyufa. Aliposikia fundi anarudi, akalifungua. Halikufungwa hata nusu saa.

Siku ile ya vumbi jekundu, Kidoti alilala baada ya chakula cha mchana kama kawaida yake. Alipoamka na kukimbilia nje, mama yake aliingia kutandika kitanda. Shuka nyeupe ilikuwa imefunikwa na vumbi jekundu, sawasawa, kama limechekechwa kwa chekeche. Katikati palibaki umbo jeupe la mtoto: kichwa, bega, miguu iliyokunjwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Akaikunja shuka kwa ndani, akaitoa nje, akaifua mara tatu, na maji ya mara ya tatu bado yalikuwa mekundu. Jioni kifua cha mtoto kilianza kukwaruza. Alipewa dawa yake ya kuvuta, akatulia kidogo. Lakini kifua hakikukwaruza kama siku zote. Ilikuwa sauti ya kwenda na kurudi, ya taratibu, kama mwiko wa mwashi unaposawazisha plasta.

Siku ya nne Mama Kidoti aliongeza nailoni ya tatu, mlangoni kwa mtoto. Alikagua dari ubao kwa ubao. Mchana mtoto akalala, na alipoamka, wifi mtu ndiye aliyetangulia kuingia. Hakucheka. Alisimama kando ya kitanda, mikono ameibana kwapani.

"Wifi," alinong'ona, "huyu mtoto alilala na nani?"

Kwenye vumbi palikuwa na maumbo mawili. La Kidoti lilikuwa pale pale. Ubavuni mwake lilikuwapo jingine, refu, jembamba, lililoanzia juu ya mto likashuka mpaka ukingo wa godoro, na sakafuni palikuwa na alama mbili safi za nyayo, kama za miguu iliyoning'inia kutoka kitandani. Umbo hilo lilikuwa na mkono. Mkono ulivuka shuka, ukaingia kwenye umbo la mtoto, pale kifuani, na haukutokea upande wa pili.

Chumba kilinuka udongo mbichi, na juu ya harufu ya udongo kulikuwa na nyingine, kama pumzi ya mtu aliyefumba mdomo miaka mingi. Wifi alitoka kinyumenyume. Jioni ile alisema atakwenda kulala kwa rafiki yake, na akamtaka Mama Kidoti amchukue mtoto waondoke wote. Mama Kidoti alimvika mtoto viatu. Lakini kila walipofika kizingiti cha mlango wa mbele, Kidoti pumzi zilimkata, midomo ikawa kama majivu, na waliporudi ndani hatua mbili alipumua. Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu mtoto alianguka, na Mama Kidoti akamwambia wifi yake aende tu. Wifi hakwenda. Alikaa kwenye korido mpaka asubuhi, kwanza mgongo ukutani, kisha akakumbuka fundi alivyoubishia ukuta hodi, akajisogeza katikati.

Siku ya tano, mchana kweupe, jua limejaa dirishani, Mama Kidoti alivuta kiti akakaa kando ya kitanda kumwangalia mwanawe analala. Kutoka jikoni ilisikika nyundo ya fundi. Akahesabu mapigo yake ili asisinzie. Kisha nyundo ikanyamaza, labda fundi anapumzika, na ndipo alipoliona vumbi linashuka. Halikutoka darini wala dirishani, lilianza tu hewani, kimo cha mtu aliyesimama, likashuka polepole bila kutikisika, na lilipofika ubavuni mwa mtoto halikutua, lilipinda, likapita pembeni ya kitu ambacho macho hayakukiona, na godoro likabonyea pale kitu hicho kilipojilaza, likabonyea begani, likabonyea nyongani, na kifua cha mtoto kikaanza kwenda na kurudi na ile sauti ya mwiko, na Mama Kidoti alitaka kupiga kelele lakini ulimi wake ulikuwa umekauka na meno yake yalikuwa yanasaga mchanga, na Kidoti, macho yamefumba, midomo haichezi, akatoa pumzi ndefu, na ndani ya pumzi hiyo mlikuwa na maneno.

"Hapa pana joto."

Mama Kidoti alipasua nailoni zote tatu kwa mwili wake, akaingia jikoni na utepe umemnata shingoni. Fundi Taratibu alikuwa amekaa juu ya ndoo. Alimtazama, kisha akatazama dirisha la stoo.

"Ulilifunga," alisema.

"Nililifunga. Upepo ulikuwa unapeleka vumbi kwa mtoto. Nililifunga kidogo tu, baba."

Fundi aliinamisha kichwa. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba siku ya kwanza, alipotoa tofali la nne, alikuta ukuta una uwazi katikati, upana wa mtu aliyesimama, na ndani kumekandikwa udongo mwekundu, laini, umepitishwa kiganja juu mpaka chini. Hakusema kwa sababu mambo hayo hayasemwi. Wakaao ndani ya kuta, wakibishiwa hodi, huwa wanaondoka wenyewe, kwa dirisha, mchana, wakati kila mtu anakula. Huyo aliondoka, akafika dirishani, akakuta pamefungwa. Wakishatoka ukutani hawarudi. Wanatafuta penye giza, palipofungwa, penye unyevu.

"Kifua," alisema Mama Kidoti.

Fundi aliinuka, na safari hii hakwenda taratibu. Alifungua kila dirisha la nyumba, aking'oa matambara yaliyolowa, akibandua utepe. Wifi naye akaja kusaidia, analia kimyakimya. Vumbi la kijivu la siku tano likaingia koridoni kama moshi, likaingia sebuleni, likakaa juu ya kila alichokuwa amekisugua yule mwanamke kwa magoti yake. Mama Kidoti alikuwa amempakata mtoto kitandani, amemfunika pua kwa upande wa kanga. Fundi alisimama mlangoni pa chumba, akagonga fremu mara tatu kwa mpini, akasema njia ni nyeupe, madirisha yote wazi, aliyemo atupishe.

Pumzi ya Kidoti ikatoka, ndefu kuliko kifua chake.

"Nilibishiwa hodi nikaitika. Nikaja mpaka dirishani. Nani alinifungia?"

"Ni mimi," alisema Mama Kidoti.

"Sasa nimepata pa kukaa. Sitoki."

"Mtoto huyu hakukukosea."

"Nyumba haikosi wala haikosewi. Inakaliwa tu."

Mtoto akakaza mgongo. Kucha zake zikaanza kugeuka rangi, vumbi la kijivu linamwingia kwa nje na lile jekundu linamjaza kwa ndani, na dawa ya kuvuta iliyokuwa juu ya meza mama yake aliibana mdomoni mwake mara moja, mara mbili, ikatoa sauti kavu, hamkuwa na nafasi humo ya kuingia kitu kingine. Mama Kidoti alimtazama binti yake usoni, akaiona ile alama nyeusi juu ya mdomo inapotea chini ya wekundu.

"Ni kifua kidogo hicho," alisema. "Kina kelele, hakikupi usingizi. Changu ni kipana. Hakijawahi kuugua."

"Mama, usimwahidi kitu," fundi alisema kutoka mlangoni. "Hao hawasahau."

Lakini alikuwa ameshainama. Aliweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, kama alivyokuwa akimnyonya mafua puani alipokuwa mchanga, akavuta. Akavuta mpaka mbavu zikamlia. Kwanza hapakuja kitu, kisha kikaja chote kwa pamoja, baridi, kizito, kikiteremka kooni kwake kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka, kikageuka huku na huku, kikajaribu upande wa kushoto, kikajaribu wa kulia, kikakaa.

Kidoti alikohoa, akalia kwa sauti kubwa ya mtoto mzima wa afya, akauliza amebanwa kwa nini, akasema anataka maji.

Fundi Taratibu hakuingia chumbani. Alimtazama yule mama, naye alimwonyesha kwa kichwa kwamba arudi kazini. Wifi alitaka kuuliza. Aliambiwa alete ufagio.

Wiki sita baadaye jiko lilikuwa limekwisha, kubwa, kavu, limepakwa rangi ya maziwa. Baba Kidoti alirudi safari akamkuta binti yake anakimbia uani na wenzake, anapiga kelele mpaka majirani wanalalamika, na daktari alimpima akasema kifua ni safi kabisa, hajui aseme nini. Mume alimsifu mkewe. Alisema hajaona nyumba iliyokarabatiwa ikabaki safi namna hii, hakuna hata punje. Alimwona tu amepungua maneno. Akizungumza sana, anashika ubavu kidogo, kama mjamzito anayesikia mtoto anageuka.

Jumamosi moja alipita nje ya dirisha la jiko jipya, akamwona mkewe anasafisha kioo kwa ndani. Alikuwa anakipulizia pumzi, haaa, kisha anafuta kwa kitambaa. Mume akasimama kumtania. Pumzi ya mtu huacha ukungu kwenye kioo, na ukungu huyeyuka. Hii haikuyeyuka. Kila mkewe alipopumua, kioo kiliingia wekundu, laini, sawasawa, kama kimechekechewa. Alifuta. Akapumua. Akafuta.

"Hujamaliza tu?" mume aliuliza.

Mkewe aliziba mdomo kwa kitambaa kabla ya kumjibu.

"Bado," alisema. "Mwambie mtoto asije huku."