Vidonge Vilivyobaki

Stergios alikuwa fundi viatu mjini Volos. Mkewe, Evanthia, alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Siku zake za nafuu alikaa naye dukani, akimtania kwa kupoteza sindano.

Jumapili moja Evanthia akashikwa na homa. Hospitali waliwahi kuwaambia waende mara moja homa ikipanda. Lakini Stergios alikuwa na antibayotiki zilizobaki alipong'olewa jino. Akampa mkewe mbili, na jioni mbili tena. Kulipokucha Evanthia hakuweza kusimama. Stergios akamkimbiza hospitali.

Muuguzi Polixeni alimtoa damu ya kupima, akamtundikia dripu. Kisha akauliza kama mgonjwa alimeza dawa yoyote nyumbani.

"Nilimpa vidonge vyangu vya jino," alisema Stergios.

"Umefanya vyema kuniambia. Sasa sikiliza, kaka. Dawa za saratani zimeshusha kinga ya mkeo. Kwake homa ni dharura, hata saa moja ni nyingi. Na vidonge vya kubahatisha huua vijidudu dhaifu tu. Vile sugu hubaki vikazaana, na dawa haviisikii tena."

"Kwa hiyo nimemuua?"

"Bado tunaye. Kanawe mikono, uje umshike mkono."

Siku mbili zilipita, homa haishuki. Ndipo majibu ya damu yakatoka. Kijidudu kilikuwa sugu kwa dawa mbili, ila ya tatu ilikiweza. Daktari akabadilisha dawa. Siku iliyofuata Evanthia aliomba supu ya kuku yenye limau. Stergios alitoka nje, akalia, akanawa, akarudi.

Alasiri hiyo dada yake Stergios, Marigo, alifika akipiga chafya. Stergios alimzuia mlangoni.

"Una mafua, dada. Rudi nyumbani."

"Tangu lini fundi viatu amekuwa daktari?"

"Tangu Jumatatu."

Evanthia alicheka kitandani. Marigo naye akacheka, akaondoka.

Waliporudi nyumbani, Stergios alipeleka vidonge vilivyosalia kwa mfamasia viharibiwe. Akanunua kipimajoto. Baada ya mwezi, kilionyesha nyuzi thelathini na nane na nusu. Hakusubiri. Alimvisha mkewe koti, wakaondoka.

Polixeni aliwapokea, akatazama saa.

"Safari hii mmewahi," alisema.

Kesho yake homa ilikuwa imeshuka.