Nyota Tano za Chiriku

Chiriku ilitoka kasi kuelekea ukuta wa chuma. Ilikuwa gari dogo la umeme, la watu wanne, lisilo na usukani. Iliendeshwa na bongo-mwendo, mtambo unaoona, kupima na kuamua kabla binadamu hajapepesa jicho. Ukuta ulipokaribia, ilikata kushoto ghafla na kujitumbukiza katikati ya midoli ya majaribio, yenye umbo la watu, aliyoipanga kando Mhandisi Sekela Mwambene. Midoli hiyo ilipasuka na kutawanyika sakafuni. Ile iliyokaa ndani ya gari haikuchubuka hata sikio.

"Nyota tano!" alishangilia Bwana Nkwabi, mkurugenzi wa mauzo wa kiwanda, mtu aliyevaa miwani ya dhahabu asiyoihitaji.

Sekela alikuwa mkaguzi wa Mamlaka ya Nyota, chombo kilichopima usalama wa magari yote ya Dodoma mpya. "Bongo-mwendo limetafuta kitu laini cha kugonga," alisema. "Na hawa wa nje?"

"Kanuni inahesabu waliomo ndani, mhandisi. Wa nje hawanunui gari."

Wakubwa wa Sekela walikula chakula cha mchana na Nkwabi, wakafuta vinywa, wakatia muhuri. Hapo kabla watu waliidharau Chiriku, wakiiita kibiriti. Zilipobandikwa nyota tano, kila mwenye tai aliitaka.

Kisha mchana mmoja, pale Nkuhungu, lori lilikatika breki. Chiriku iliyokuwa mbele yake ilipima njia zote, ikapanda pembezoni mwa barabara na kumgonga Bi Mazengo, muuza karanga, aliyekuwa akimrudishia mteja chenji. Alikufa papo hapo. Mwenye gari alishuka mzima, akainama kukagua rangi.

Sekela alikwenda kwenye televisheni bila ruhusa. Alionyesha picha za majaribio, akaeleza taratibu, kama anayefundisha watoto, kwamba gari hili likibanwa humchagua mtu wa pembeni. "Yarudisheni," alisema. "Yanaua kwa niaba yenu."

Alifukuzwa kazi jioni ileile. Hakujali. Aliamini kwamba Nkwabi naye angefunga duka.

Asubuhi alikwenda kujionea. Foleni ilianzia mlangoni mwa duka ikazunguka jengo zima. Walikuwemo walimu, wachungaji, madaktari, watu wa salamu ndefu na mashati yaliyonyooshwa vizuri, wakisukumana kama wanaogombea sukari. Mama mmoja aliyevaa kitenge kipya alimgusa Sekela bega.

"Samahani dada, ndiyo hii iliyotangazwa jana? Inayookoa wa ndani?"

Sekela alimtazama mpaka yule mama akageuza uso.

Nkwabi alimpungia mkono kutoka mlangoni. "Mhandisi! Miaka yote nahangaika na matangazo, kumbe wewe ndiye uliyekuwa dawa! Karibu chai!"

Macho ya Sekela yalikuwa yamemwangukia mwanamume aliyejificha nyuma ya gazeti, katikati ya foleni. Alikuwa Lugano, mume wake.

"Baba Ipyana," alisema, akilishusha gazeti kwa kidole. "Jana uliangalia picha zile. Ukamlilia yule muuza karanga."

"Nilimlilia kweli." Lugano aliinamisha kichwa. "Lakini nawafikiria watoto, Mama Ipyana. Wakiwa ndani, angalau..."

"Watoto wako wanakwenda shule kwa miguu."

Mbele ya Lugano foleni ilisogea. Naye akasogea.