Beseni Moja la Kunawia

Nyumbani kwa Mama Halimah, huko Bwaise, mtaa wa Kampala, wote hula kwenye sinia moja. Kabla ya kula, beseni la maji huzunguka. Kila mtu huchovya mikono, kisha humpa mwenzake.

Mwanawe, Marjan, ni fundi wa magari Kisenyi. Anaishi na virusi vya Ukimwi na humeza dawa zake, ARV, kila siku. Alipowaambia watu wa nyumbani, mama yake alisema, "Hakuna wa kukutenga hapa. Beseni moja, sinia moja." Mama akisema, amesema. Na alisema kwa upendo.

Mwaka huu mvua ilizidi. Maji ya mitaro yaliingia vyooni, yakafika mpaka mlangoni. Baadaye Marjan akaanza kuharisha. Alikonda, suruali ikawa inamvuka. Kazini akashindwa kwenda.

"Hii dawa ndiyo inaniua," alimwambia mkewe, Lailah. "Kesho simezi."

Lailah aliogopa sana. Hakungoja hiyo kesho. Alimwita jirani yao Adyero, mke wa askari polisi, ambaye ni mhudumu wa afya wa mtaa.

"Kaka Marjan, ARV usiache hata siku moja," Adyero alisema. "Zinazuia virusi. Lakini minyoo na vijidudu vya tumboni haziviui. Kuharisha kuna sababu nyingi, tusibahatishe. Twende kliniki, choo chako kipimwe."

Walikwenda. Marjan alikutwa na vijidudu vya tumboni, akapewa dawa yake. Watu wa nyumbani nao wakaambiwa wapimwe. Kumbe Mama Halimah alikuwa navyo pia, ingawa tumbo halikuwahi kumuuma! Naye akapewa dawa.

"Binti yangu, vimetoka wapi?" Mama Halimah alimuuliza Adyero.

"Vinatoka kwenye choo cha mtu, vinaingia mdomoni mwa mwingine, Mama. Vinapita kwenye maji yasiyochemshwa, mboga zisizooshwa, na mikono. Kwenye hilo beseni, uchafu wa mkono wa kwanza unaufikia mkono wa mwisho. Naweni kwa sabuni, maji yamiminwe kwa jagi. Mkitoka chooni pia."

Jioni Lailah alileta jagi na sabuni. Akaanza na Marjan, kwa kuwa ndiye mgonjwa.

Marjan akarudisha mikono. "Kwa hiyo leo nimetengwa," alisema, akasimama. Ilimuuma, na sauti yake ilionyesha.

Mama Halimah akanyoosha mikono yake mwenyewe. "Lailah, nimiminie mimi kwanza. Mimi ndiye mwenye vijidudu. Marjan, nilidhani beseni lile ni mapenzi, kumbe huenda nilikuwa nakulisha uchafu wangu. Nisamehe, mwanangu. Keti. Sinia bado ni moja."

Marjan alimtazama mama yake akisugua kucha kwa sabuni. Hasira ikamwisha. Akaketi, akanyoosha mikono.

Siku hizi wanachemsha maji ya kunywa, na mtoto asiyenawa hagusi chakula. Marjan alimaliza dawa ya vijidudu. ARV hakuziacha. Kuharisha kumekoma, na amerudi kazini Kisenyi. Njaa anayorudi nayo jioni si ya mchezo.

Juzi mama yake alimpiga kofi dogo mkononi pale kwenye sinia.

"Polepole, wewe! Hiyo nyama ni yetu sote."