Wimbo wa Sita wa Lisbeth

Kikohozi kilitoka safu ya saba, na safu ya saba haikuwa na mtu.

Henrike Vollrath aligeuka. Alasiri hiyo ya Novemba ukumbini walikuwa yeye na mpiga piano wake tu, mzee Wiebelt. Walikuwa wamemaliza wimbo wa kwanza kati ya nyimbo sita za Lisbeth, yule kijakazi wa riwaya ya kale aliyejitosa mtoni. Katika mji huo msikilizaji hapigi makofi mpaka nyimbo zote ziishe. Hata kikohozi hukibana, akakitoa baina ya wimbo na wimbo. Huyu naye alikuwa amengoja kwa adabu.

Baada ya wimbo wa pili kilitoka safu ya tano, kizito, cha mapafu yaliyojaa maji. Baada ya wa tatu, safu ya tatu, pamoja na harufu ya tope na majani yaliyooza.

Wiebelt aliacha kupiga. "Umemsikia, Bi Henrike?"

"Nimemsikia."

"Basi kwenye onyesho la Jumapili usimwache njiani. Wimbo wa sita ndio unaomrudisha mtoni. Marehemu dada yangu aliishia wa tano, eti anamwonea huruma. Kufika Pasaka hakuwa na sauti hata ya kumwitia paka."

"Si alikuwa anavuta sigara?"

"Alivuta. Sigara haiachi nyayo za maji ngazini."

Henrike alirudi kwake, chumba na jiko juu ya duka la mikate. Tangu mama yake azikwe, majirani walimjua tu kwa kumgongea ukuta aache kuimba.

Jumapili walikuja watu kumi na mmoja. Wawili walisinzia. Henrike aliimba, na kila wimbo ulipokwisha maji yalichuruzika karibu zaidi, safu ya kwanza, kisha ngazi ya jukwaa, kisha mtu asiyeonekana akawa amesimama ubavuni mwake, baridi yake ikipenya gauni, akivuta pumzi kila Henrike alipovuta na kuishusha alipoishusha, akisikiliza kila neno kama ambavyo hakuna aliyewahi kumsikiliza Henrike tangu mama yake alipokuwa akimenya viazi jikoni na kuacha mlango wazi kwa ajili ya mazoezi.

Wimbo wa tano ukaisha. Wiebelt aliweka vidole tayari.

"Imba," alinong'ona. "Imba, mwanangu."

Akimfukuza huyu, kesho atamwimbia nani? Henrike alifunga kitabu, akainamisha kichwa. Makofi yakapigwa, machache, ya watu wanaowahi makoti yao.

Nyumbani alitoa sahani mbili. Alikata mkate, akapakua supu ya dengu, akataka kusema karibu. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Ng'ambo ya meza kiti kilisogezwa taratibu, maji yakitiririka sakafuni, na sauti ya Henrike mwenyewe, safi, nzima, ikaomba chumvi.