Kitanda cha Mbao za Manowari

Jambo hili lilimpata Malena, mke wa Algot, seremala wa meli huko Karlskrona, bandari ya manowari nchini Uswidi. Lilianza asubuhi ya kawaida kabisa. Malena alikuwa anamenya viazi, na mwanawe Elof, wa miezi saba, alikuwa akitafuna ukingo wa kitanda chake cha kubembea. Meno yake mawili ya kwanza yalikuwa yameacha alama kwenye ubao.

Kitanda hicho Algot alikichonga kwa mwaloni wa manowari Havsfrun. Manowari hiyo ilipigana kwa matanga miaka thelathini, kisha mafundi wakaikata katikati, wakairefusha na kuitia mashine ya mvuke. Mafundi waliruhusiwa kubeba mabaki ya mbao, lakini walikuwa na mwiko wao. Mbao za meli iliyovunjwa, jengea upendacho. Za meli itakayorudi baharini, choma zote. Brita, mama yake Algot, alipokiona kitanda alimwambia akitie motoni. Algot akacheka, akamuuliza kama meli nayo hupita nyumba kwa nyumba ikidai mbavu zake.

Asubuhi hiyo Havsfrun iliondoka kwa mvuke mara ya kwanza. Mizinga ya kuaga ilipolia, kitanda kikaanza kubembea. Hakuna aliyekigusa.

Kilibembea siku nne, taratibu, kama kitu kilicho juu ya mawimbi. Malena alimhamishia Elof kitandani kwake. Mtoto akaendelea kuyumba, kichwa huku, kichwa kule, kwa mwendo uleule. Akakataa ziwa. Malena alipombusu kwenye paji la uso, lilikuwa baridi. Lilikuwa na chumvi.

Siku ya tano, mchana, Brita aliweka sikio kifuani pa mtoto. Akaliondoa haraka.

"Hebu sikiliza mwenyewe, mwanangu," alinong'ona.

Malena akasikiliza. Hakusikia moyo. Alisikia chuma kikigonga chuma.

Algot alikuwa kazini. Hawakumngoja. Brita alishika shoka, Malena akatia vipande motoni. Mbao zile kavu zilitoa maji. Mengi. Kisha zikashika moto, na ndani ya moto mtu akakohoa. Halafu wakakohoa wengi.

Elof akalia. Akataka ziwa.

Wiki mbili baadaye Havsfrun ilirudi ikivutwa. Moto ulikuwa umezuka chini, kwenye chumba cha mashine, ukaua mabaharia kumi na mmoja. Ilikuwa mchana wa siku ileile walipochoma kitanda. Algot akaitwa kutengeneza.

Aliporudi hakuvua hata kofia. Alimchukua Elof, akamfungua mdomo kwa kidole, akatazama.

"Malena," alinong'ona, "kile kitanda mlikichoma chote?"

"Chote."

Akakaa chini. Chumba kizima cha mashine kimekuwa mkaa, alisema, isipokuwa ubao mmoja mpya alioupigilia yeye mwenyewe pale alipotoa mwaloni wa kitanda. Haukuungua. Ukingoni una alama mbili ndogo za meno.

Alizigusa kule melini, alisema. Zilikuwa bado na mate.