Mikono Chini ya Shali

Filamu yenyewe ilikuwa upuuzi mtupu. Saa nzima imepita, na majasusi wa Kizungu bado wanakunywa chai na kutazamana! Hakuna bunduki, hakuna gari lililopinduka. Garissa ya mwaka wa tisini na sita haikuwa na subira ya namna hiyo. Wanaume walitoka ukumbi wa video mmoja mmoja, wakisonya.

Kwenye benchi la wanawake alibaki Hani peke yake, karani wa ofisi ya maji, mtandio wa zambarau kichwani. Alikuwa amekisoma kitabu ambamo filamu hiyo ilitolewa, kurasa mia nne, akaja kuona kama wamekiharibu. Wamekiharibu kweli.

Mbele alibaki Mahat, dalali wa ng'ombe, kikoi kipya, shali begani, uturi ukinukia hadi mlangoni.

"Msaliti ni huyo wa miwani," akasema.

Hani akashtuka. Kitabuni siri hiyo ilifichuka mwisho kabisa.

"Kumbe umesoma kitabu!"

"Kitabu gani, abaayo, dada yangu? Mimi nasoma ng'ombe tu. Tazama, akiulizwa swali anaficha mikono."

"Muongo mkubwa wewe!"

Akatoka kwa hasira, lakini aligeuka mara mbili.

Kesho yake simu ya ofisi ya maji ikalia; Mahat alikwisha kuulizia jina lake mjini.

"Hani wangu, umeamkaje?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu jana, saa tisa na nusu."

Wiki tatu alipiga kila asubuhi kutoka kibanda cha posta. Hani alicheka, akamchokoza, akaisubiri simu hiyo kuliko chai ya saa nne. Lakini akiuliza habari ya kitabu, jibu lilikuwa lile lile: wallahi, sijakisoma. Naye Hani akakata simu. Ijumaa ya wiki hiyo baba yake Hani angemjibu mwenye duka wa Kutulo aliyeleta posa. Amkatae mtu mzima kwa ajili ya muongo? Thubutu!

Jumatano alimsindikiza baba yake soko la mifugo kununua mtamba. Dalali wao, loh, ni Mahat! Alimshika muuzaji mkono chini ya shali, vidole vikipatana bei kwa siri, kama ilivyo desturi ya madalali. Mara akauchomoa mkono wake.

"Mzee, acha. Kila ukiuliza kuhusu kuzaa, vidole vya huyu vinakimbia."

Muuzaji akabanwa, akakiri: mtamba hashiki mimba.

Kumbe Mahat alisema kweli! Hani alijidharau kwa kurasa zake mia nne.

Asubuhi yake simu ikalia.

"Nimekuonea, Mahat. Nisamehe."

"Basi nimtume mjomba kwa baba yako, wapatane kimya kimya?"

"Kimya kimya nini? Kesho uje na wazee wako. Shali uiache nyumbani. Useme kwa mdomo wako, na mikono niione."

Ijumaa Mahat aliketi mkekani bila shali, mikono wazi magotini, asiifiche hata alipoulizwa swali. Hani alichungulia nyuma ya pazia, machozi yakimlengalenga.

Baba yake hakumsikiliza Mahat sana. Aliitazama ile mikono muda mrefu, kisha akamgeukia mkewe.

"Mwambie yule wa Kutulo atafute kwingine."